Kufuatilia hati za kale za ardhi Mwambao: aliyeandikwa na aliyeachwa nje

Mwaka juzi familia yetu ilibakisha siku chache tu imtoe mtu kwenye ardhi ya mamake. Nasema familia yetu, na mimi nimo. Sahihi yangu ilikuwa kwenye karatasi ya mauzo pamoja na sahihi za ami zangu na binamu zangu, na mnunuzi alikuwa ameshatoa arubuni.

Shamba lenyewe liko upande wa Kisauni. Sisi sote tulikua tukijua kwamba ni la babu yetu, na kwamba yule mzee aliyekaa kwenye nyumba ya makuti upande wa nyuma ni mtoto wa dadake Babu, aliyekaribishwa kwa hisani. Tulimwita Mzee wa Uwani. Alipoambiwa ahame hakupiga kelele. Alisema maneno mamoja tu: "Mama alituambia karatasi iko kwa kaka yake."

Maneno hayo yakanikosesha usingizi. Nikaanza kutafuta karatasi. Ilinichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo nilijifunza mambo ambayo kila familia ya Mwambao yenye shamba, kiwanja au nyumba ya urithi inafaa kuyajua. Ninayaandika hapa kwa mpangilio ili atakayekuja nyuma yangu asipoteze nauli nyingi kama mimi.

Kwa nini Mwambao una karatasi zake

Ukitaka kufuatilia ardhi ya bara, mara nyingi mwanzo ni serikali ya kikoloni. Huku kwetu mwanzo ni wa zamani zaidi. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mwaka 1895 Sultani alikubali Uingereza iutawale kwa niaba yake. Ndiyo maana bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda huu ulibaki kuwa eneo la himaya. Watu walikuwa wakiuziana mashamba, wakirithishana na kuweka wakfu kwa sheria ya Kiislamu, mbele ya Kadhi na mashahidi, na karatasi zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1901 ikaja sheria ya kusajili nyaraka, na masijala ya Mombasa ikaanza kunakili mikataba ya mauzo na rehani kwenye vitabu vyake. Kisha ikaja sheria iliyobeba mzigo wote: sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kwa sheria hiyo, kila aliyedai ardhi katika eneo lililotangazwa alitakiwa kupeleka dai lake mbele ya ofisa maalumu wa kuandikisha hati. Aliyesikizwa na kukubaliwa alipewa Cheti cha Umiliki. Mwenye rehani alipewa cheti cha rehani, na mwenye haki nyingine juu ya ardhi ya mtu alipewa cheti cha haki hiyo. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Uingereza.

Sentensi hiyo ya mwisho isome mara mbili. Nitairudia mbele.

Vyeti hivyo havikufa na uhuru. Oktoba 1963, Sultani alipoachia madai yake juu ya ukanda huu, serikali ya Kenya iliahidi kuzitambua hati za umiliki za Mwambao zilizokwisha kusajiliwa. Mwaka 2012 sheria ya 1908 ilifutwa pamoja na nyingine kadhaa, na mahali pake ikaja Sheria ya Usajili wa Ardhi. Lakini haki zilizokuwa tayari zimesajiliwa zililindwa. Kwa hivyo cheti cha zaidi ya miaka 100 kinaweza hadi leo kuwa ndicho shina la hati uliyo nayo mkononi.

Anza nyumbani

Usianze ofisini. Karani hatafuti jina la babu yako, anatafuta nambari. Nambari unaipata nyumbani.

Tafuta sanduku la bibi, bahasha iliyo juu ya kabati, msahafu wa zamani ambao ndani yake watu walikuwa wakihifadhi karatasi. Tafuta risiti za kodi ya ardhi za manispaa, barua za wakili, ramani iliyokunjwa, cheti cha kifo, hukumu ya mirathi ya Kadhi. Usidharau karatasi ya Kiarabu kwa sababu huwezi kuisoma. Sisi ya kwetu ilikuwa imefungwa pamoja na dua za kinga, na shangazi alidhani nayo ni dua.

Halafu kaa na wazee, mmoja mmoja, wala usiwaweke pamoja. Wakiwa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayesimulia. Waulize majina kamili: fulani bin fulani bin fulani, na ukoo. Waulize wake wote na watoto wote, pamoja na waliokufa wadogo na waliohamia Unguja, Oman au Lamu. Waulize mabinti hasa. Katika familia nyingi ukiuliza "watoto wa marehemu ni nani?" utatajiwa wanaume.

Soma nambari kama nasaba

Ardhi nayo ina nasaba, na nasaba hiyo iko ndani ya nambari yake. Kwenye kisiwa cha Mombasa ploti hutajwa kwa bloki, na bloki huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Nje ya kisiwa utaona MN, yaani Mainland North, upande wa Kisauni, Nyali na kuendelea. Au MS, yaani Mainland South, upande wa Likoni. Baada ya herufi hizo hufuata sehemu, kisha nambari ya ploti. Malindi hutumia jina la "Portion" na nambari yake. Herufi CR mbele ya nambari humaanisha hati imesajiliwa katika masijala ya Pwani, iliyoko Mombasa.

Sasa angalia vizuri maneno ya hati yenyewe. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba ploti hiyo ni mgawanyo nambari fulani, na kwenye mabano kuna nambari ya asili. Hiyo nambari ya asili ndiyo mzazi. Ploti ya leo yenye robo eka ilizaliwa na ploti ya eka tano, nayo ilizaliwa na shamba la eka 40. Kila ukipanda ngazi moja unakaribia Cheti cha Umiliki cha kwanza. Hati za zamani pia hutaja kitabu, ukurasa na faili ambamo zilisajiliwa. Nakili maandishi hayo yote bila kuruka hata herufi, kwa sababu ndiyo anwani ya karatasi kule ndani.

Ikiwa ardhi yako iko kwenye skimu ya makazi, hati itakuwa ya mtindo mwingine: jina la wilaya, jina la eneo, kisha nambari. Huko kuna kadi ya kijani inayoorodhesha wamiliki kwa mfuatano. Lakini kadi hiyo huanzia pale skimu ilipoanza. Historia ya kabla ya hapo iko kwenye hati ya shamba kubwa lililokatwa kuifanya skimu.

Jambo jingine: kwa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikibadilisha nambari za hati za zamani ziingie kwenye mfumo mmoja mpya. Orodha za mabadiliko hayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nambari ya zamani ikiwa kando ya mpya. Ukikuta nambari ya babu yako "haipo", usikate tamaa kabla ya kuzitazama orodha hizo.

Masijala, upimaji na nyaraka za taifa

Watu wengi wakifanya upekuzi rasmi wa ardhi hudhani wamemaliza. Upekuzi rasmi unakuambia nani mmiliki leo na kama kuna rehani au zuio. Hauwezi kukuambia mlolongo mzima. Kwa mlolongo unahitaji kuomba nakala zilizothibitishwa za maandishi yote yaliyosajiliwa juu ya hati ile, na za mikataba iliyotajwa humo. Andika barua, taja nambari zote, lipa, chukua risiti, weka tarehe. Wakili wa mambo ya ardhi husaidia, lakini ukienda kwake na nambari tayari utalipa kidogo zaidi.

Ramani ni kazi ya idara ya upimaji. Ramani ya hati itakuonyesha mipaka, bikoni na ploti za jirani. Majirani ni muhimu sana, na nitaeleza hapa chini.

Magazeti rasmi ya zamani, tangu yale ya himaya ya Afrika Mashariki, yana matangazo mengi ya ardhi, na mengi yanasomeka kwenye intaneti. Jumba la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, lina mafaili ya utawala wa Mkoa wa Pwani. Kwa familia zenye mizizi Unguja, Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani zina karatasi za enzi ya masultani. Wanahistoria walishapita njia hizi: Frederick Cooper alizitumia rekodi za mauzo ya ardhi za Mwambao katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu watumwa waliogeuka maskwota. Kwa hivyo karatasi zipo.

Lakini nionye: katika ofisi moja niliambiwa mara tatu kwamba faili imepotea. Mara ya nne, karani mwingine aliitoa kwa dakika kumi. Usimpe mtu yeyote karatasi asili "akusaidie kufuatilia". Peleka nakala.

Jinsi ya kuisoma karatasi ya kale

Tafuta maalim anayesoma hati za mkono za zamani. Kusoma msahafu hakutoshi. Kisha zingatia mambo haya.

Tarehe itakuwa ya Hijria. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, halafu ongeza 622. Mwaka 1320 unakuangukia 1902, na kweli ulianza Aprili ya mwaka huo. Fedha itakuwa rupia ikiwa ni kabla ya 1920. Ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Karatasi inayodai kuandikwa mwaka 1910 na inataja shilingi ina maelezo ya kutoa.

Mipaka haikutajwa kwa futi. Ilitajwa kwa pande nne na majirani: upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini, suheli, kusini, matlai, mashariki, na magharibi. Kila upande una jina la mwenye shamba, au njia, au bahari, au mbuyu. Ndiyo maana nikasema majirani ni muhimu. Ukikosa karatasi ya shamba lako, tafuta ya jirani: huenda jina la babu yako limetajwa kama mpaka wa mtu mwingine.

Aina ya mkataba ndiyo inayowapoteza wengi. Neno "kuuza" kwenye karatasi ya zamani halimaanishi kila mara kwamba shamba lilitoka moja kwa moja. Kulikuwa na bei ya khiyari: mtu anauza shamba kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda fulani, shamba linamrudia. Kwa hakika ulikuwa ni mkopo uliovaa kanzu ya mauzo. Kabla hujasema "babu aliuza", tafuta kama deni lililipwa.

Mwisho, tenganisha ardhi na kilicho juu yake. Huku kwetu mtu anaweza kumiliki minazi na asimiliki ardhi iliyoibeba. Anaweza kumiliki nyumba Majengo au Kisauni na akawa analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kwa hivyo karatasi ya kuuziana nyumba si karatasi ya ardhi, hata kama imepigwa mihuri mitatu.

Mirathi na wakfu

Hapa ndipo mambo yetu yalipofumuka. Cheti cha Umiliki kilikuwa kwa jina la baba wa babu yangu. Hakuna aliyekuwa amekibadilisha kwa miaka yote hiyo. Karatasi iliyofungwa na dua ilikuwa mgawo wa Kadhi wa mwaka 1345, yaani 1926 au 1927. Marehemu aliacha mke mmoja, mwana mmoja na binti mmoja.

Hesabu yake ni ya madrasa. Mke thumni, yaani 3 kwa 24. Zilizobaki 21, mwana mafungu mawili na binti fungu moja: mwana 14, binti 7. Mke yule, ambaye ndiye mama wa wote wawili, alipofariki, mafungu yake 3 yakawafuata watoto wake: mwana 2, binti 1. Mwana akafikia 16, binti akafikia 8. Theluthi nzima ya shamba ilikuwa ya mamake Mzee wa Uwani. Hakukaribishwa na mtu. Alikuwa amekaa kwake.

Kwa hivyo usiishie kwenye hati. Hati inakuonyesha jina la mwisho lililoandikwa. Mirathi inakuonyesha waliolirithi jina hilo. Ikiwa kuna warithi waliochukua uraia wa nchi nyingine, kumbuka kwamba Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya kwa kukodi miaka 99. Na ikiwa kuna dalili ya wakfu, uliza ofisi ya Tume ya Wakfu kabla ya kugusa chochote. Tume hiyo ina mizizi ya mwaka 1900, na ardhi ya wakfu haiuzwi kama shamba la kawaida, wala hairithiwi.

Wasioandikwa

Sasa narudi kwenye sentensi ile. Cheti cha 1908 kinathibitisha kwamba mtu fulani alifika, alidai na akakubaliwa. Hakithibitishi kwamba hakukuwa na mtu mwingine anayelima pale. Sheria ile ilimjua mtu mmoja mwenye jina, mashahidi na karatasi. Haikuijua kaya. Wengi wa Mijikenda waliokuwa wakilima ndani ya ukanda huu, na watu waliotoka utumwani na kubaki kwenye mashamba, hawakuwa na karatasi, hawakuwa na wa kuwasemea, na wengine tangazo halikuwafikia. Ardhi yao ikaangukia jina la mtu au jina la Serikali, na wajukuu zao tukawaita maskwota.

Nayaandika haya nikijua kwamba babu zangu walikuwa upande wa walioandikwa. Ukifuatilia hati ya ukoo wako kwa uaminifu, utakutana na majirani wasio na karatasi. Usiitumie hati ya kale kama rungu. Hata sheria ya leo haimtazami mwenye karatasi peke yake: aliyekaa kwenye ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa na bila kuondolewa, kwa miaka 12, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuidai. Zungumzeni kabla ya kufika huko.

Tulivyofanya

Tulirudisha arubuni. Haikuwa rahisi, kwa sababu nusu yake ilikuwa imeshaliwa, na ami yangu mmoja hadi leo hanisemeshi vizuri. Tulikwenda kwa Kadhi, tukaorodhesha warithi wote wa pande mbili, na watoto wa dadake Babu wakaandikwa. Kubadilisha hati bado kunaendelea. Mpima ardhi ameshapita mara moja.

Siku nilipompelekea Mzee wa Uwani nakala ya ile karatasi pamoja na tafsiri yake, aliniomba nimwonyeshe mahali jina la mamake lilipoandikwa. Hasomi Kiarabu. Nikaweka kidole. Aliliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kama naweza kumpigia nakala ya pili ya kumpa binti yake.

Fungueni masanduku, jamani, kabla mnunuzi hajabisha hodi.